Mji wa Kwenye Sinia

Hapana, sijawahi kufika. Nakujibu kabla hujauliza, Fadumo, kwa sababu nilikuona jana pale mlangoni na sufuria mkononi, mdomo wazi kama mbuzi ameona gari. Ulikuwa unajiuliza, huyu eeddo yangu, yaani shangazi, mwanamke wa Waberi hapa Garissa, mwenye hajui kusoma hata jina lake kwenye kadi ya hospitali, mwenye Nairobi yenyewe alipelekwa kwa sababu ya jicho akarudishwa siku ya pili, mji wa Kongo ameujulia wapi? Na yule muuza vitenge naye alishangaa. Alikuja na mzigo kichwani, akasimama kwa heshima, akasema, "Jambo yenu, bamama." Wallahi tasbihi iliniponyoka. Hakuna mtu ameniita bamama tangu nikiwa na meno yote. Nikamwambia, wewe ni wa Lubumbashi. Akacheka, akasema ndiyo. Nikamuuliza ile bomba ndefu ya moshi bado imesimama? Ule mlima mweusi wa uchafu wa shaba, bado uko kando yake? Watu wa soko ya Kenya bado wanapitia mtaa wa Kamalondo wakienda mjini, ama sasa kuna njia ingine? Maskini, akaweka mzigo chini akaukalia. "Mama, ulikuwa unaikala kwetu mwaka gani?" Nikamwambia sikukaa, mwanangu. Niliula.

Alinijibu vizuri lakini. Alisema bomba imesimama, moshi ndio hakuna kama zamani. Na ule mlima, alisema, "Banaukula kidogo kidogo, mama. Banatosha kitu ya kutia mu simu." Kutosha kwao ni kutoa. Basi hiyo simu yako unayonirekodi nayo, ishike na adabu. Inawezekana ndani yake kuna kipande cha mlima wangu.

Ilikuwa mwaka wa El Nino. Nyinyi mkisikia El Nino mnafikiria maji tu, lakini ule mwaka ulianza na ukame, mpaka punda walikuwa wanalala katikati ya barabara na dereva anashuka kuwasukuma. Mimi nilikuwa na hoteli nyuma ya Soko Mugdi. Usione neno hoteli ukafikiria vitanda. Chumba kimoja cha mabati, pazia ya maua katikati. Mbele wanaume wanakula, nyuma ni mimi na jiko, na Hooyo, mama yangu, amelala kwenye mkeka wake na masikio yamesimama. Hooyo alikuwa anasikia mtu akitafuna upande ule anakwambia huyo ni wa wapi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, mdomo ni huu huu. Harufu ya chumba naikumbuka leo: iliki, mafuta ya mbuzi, moshi, na jasho ya watu wa malori. Nikipita karibu na soko saa hii, pale pameuzwa, kuna duka la simu lenye vioo, na mimi bado nanusa nikitafuta iliki.

Siku hizo kulikuwa na watu wanachimba visima upande wa Dadaab, maji ya wakimbizi. Wakija mjini kuchukua mafuta na mabomba wanakula kwangu. Dereva wao alikuwa Mkamba anaitwa Mutua, anaingia na kelele kabla ya miguu: "Mama Alima! Leta chakula, tumekufa kavisa!" Kila siku amekufa, kila siku anafufuliwa na sahani mbili. Basi siku moja nyuma yake akaingia mtu mrefu mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope, ameshika kofia yake ya chuma mbele ya tumbo kama mtu ameleta bakuli yake mwenyewe. Akasema, "Jambo yenu, bamama. Chakula iko?" Pole pole hivyo, kama anaomba radhi kwa njaa.

Mutua akasema, "Huyu ni fundi wa kuchimba. Ni Mzaire."

"Zaire ya wapi?" nikauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Lubumbashi, mama. Mi natoka Kenya."

Hoteli yote ikacheka. Mzee mmoja wa ngamia akamwambia, "Warya, Kenya ni hii umekalia!"

"Apana, baba. Na kwetu iko Kenya. Iko mutaa mu Lubumbashi. Iko soko ya Kenya, iko kiwanja ya mupira ya Kenya. Mi nilizaliwa Kenya mbele ya kuya Kenya."

"Sasa umetoka Kenya umekuja Kenya," Mutua akasema, "hiyo safari yote ulikuwa unatafuta nini?" Na nilipomuuliza jina akasema Ramazani. Hooyo akanong'ona kwenye mkeka, "Ramadhani bado iko mbali, huyu amekuja mapema." Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye moto. Alikuwa Mwislamu, ndiyo, mtoto wa Waislamu wa Kasongo. Aliswali na wengine pale msikiti wa soko, na imamu alimpenda kwa sababu alikuja mapema huko pia.

Mambo ya sinia yalianza hivi. Hooyo alikuwa hajawahi kuona mtu wa mbali bila kumhoji. Akaniambia, muulize kwao kuna ngamia? Nikauliza. "Apana, mama." Ng'ombe? "Apana mingi." Mbuzi? "Kidogo, ya siku kuu." Hooyo akakaa kitako kabisa. "Sasa muulize, wanaishi na nini?" Ramazani akafikiria, akasema, "Jiwe, mama." Nyuma ya pazia Hooyo akashika kifua: "Miskiin. Mpe nyama ingine." Nikampa. Yeye akaona hatujaelewa, akavuta sinia ya wali karibu na yeye, akaanza kujenga. Alisukuma wali ukawa mji. Akachukua mfupa wa paja akausimamisha, hiyo ndio bomba ya moshi, akasema ukipotea popote unainua macho unaiona, unarudi nyumbani. Majani ya chai iliyochujwa akayarundika kando, ndio mlima mweusi, ile taka inayobaki wakishayeyusha jiwe na kutoa shaba. Mchuzi akaufanya mto. Ndizi aliyolipa Mutua akaikata ndefu akailaza, hiyo ni reli inaenda kusini. Mutua akalia, "Iyo ni ndizi yangu!" Akaambiwa ngoja, gari moshi halijafika.

Mimi nilishika pazia hivi, jicho moja nje. Alieleza vile babu zao wa kule walikuwa wanayeyusha shaba zamani sana, wanamwaga kwenye mchanga inakuwa kama msalaba, na mtu akitaka kuoa anapeleka hiyo misalaba kwa kina msichana. Hooyo akafurahi hapo. "Afadhali. Kumbe ni watu." Halafu wazungu wakaja na reli kutoka kusini, wakataka watu wa kuchimba, na pale watu walikuwa wachache, basi wakawatoa mbali, wengine Kasai, wengine Rwanda, na babu yake kutoka Kasongo. Mji ukajaa watu, na karibu kila mtu kwao ni kwingine. Halafu akafanya kitu na kidole chake kimoja. Alipitisha kidole katikati ya wali, ikatokea njia nyeupe ya sinia tupu. Upande huu wazungu, upande huu sisi, akasema, na hapa katikati hakuna mtu anajenga, ndio mbu zetu zisifike kwao. Mutua alikuwa amechoka kungoja, akatia mkono akala kituo cha reli na nusu ya Kamalondo.

Tangu siku hiyo kila wakija alijenga. Nilijua Katuba iko wapi, Ruashi iko wapi, posta, hospitali. Nilikuwa naweka wali mwingi kuliko haki yake ndio mji uwe mkubwa. Na alisema vile kampuni ilivyokuwa. Kampuni ilitoa nyumba, ikatoa unga na samaki wa kukauka, ikatoa shule na daktari, ikatoa hata sanduku ya kuzikia. Alimwiga baba yake akiongea, na unajua mimi naweza kuiga mtu akiiga mtu, sikiliza, na njo kwao ni ndio: "Ramazani! Usimutukane kampuni. Kampuni njo baba, kampuni njo mama." Moshi ukishuka kwenye nguo zilizoanikwa zinakuwa na madoa, na wanawake wanaimba. Moshi ni mshahara. Halafu mwaka mmoja nguo zikaanza kukauka safi, nyeupe kabisa, na wanawake wakanyamaza. Kampuni ilikuwa inachoka. Shaba haikuwa na bei, mashine zilikufa hakuna wa kuzitengeneza, watu wanafanya kazi mwisho wa mwezi hakuna kitu. Ramazani akaenda Zambia kwenye migodi ya huko, akashika kazi ya kuchimba visima, visima vikamleta mpaka kwangu. Alisema kuchimba ni kuchimba, ila kwao mgodini ukitoa maji unalia na hapa ukitoa maji unabebwa mabegani.

Katikati ya huo mwaka, nchi yake ikabadilisha jina yeye akiwa anakula wali kwangu. Redio iko juu ya kabati, mtangazaji na ile sauti yake ya kuvaa tai: Zaire sasa si Zaire tena. Watu wakamgeukia. Mutua akasema, "Ramazani, leo wewe ni nani?" Kwa utani tu. Lakini yeye aliangalia mkono wake kwenye sahani, hakujenga kitu, hakula. Nikamtilia chai bila kuulizwa, nikatoka nje ya pazia nayo mwenyewe, kitu sikuwa nafanya. Akasema, "Aksanti, Halima." Si mama, si bamama. Halima. Mpaka leo nikiandaa chakula cha wageni mkono unapita wenyewe katikati ya wali unaacha ile njia tupu, na nyinyi mnasema eeddo amezeeka, anagawa vibaya.

Halafu mvua. Tana ilitoka kitandani kwake ikaja kututembelea. Maji yaliingia hotelini, benchi zikaelea, Hooyo tukampandisha juu ya meza na mkeka wake na akaendelea kutoa amri kutoka huko. Barabara ya Nairobi ikakatika, ya Dadaab ikakatika, lori na mashine ya kuchimba zikazama kwenye matope mpaka shingo. Wakakwama mjini pamoja na sisi. Na mbuzi zikaanza kufa, ule ugonjwa, serikali ikasema hakuna kuchinja, hakuna kula nyama. Hoteli ya Wasomali bila nyama! Wateja wanaingia, wanaangalia sufuria, wanatoka kama wametoka matangani. Ramazani ndiye alisema, "Halima, mi nitapika." Alitoa majani ya kunde shambani kwa watu wa mtoni, akatwanga karanga, akasonga sima ngumu, wao wanaita bukari. Akaingia nyuma ya pazia kwa ruhusa ya Hooyo, akapika akiwa ametugeuzia mgongo kwa adabu. Hooyo akaonja. "Hii ni majani," akasema. "Hii ni ya mbuzi." Akaonja tena. Mwisho wa sahani akasema, "Basi ndio maana mbuzi hawalalamiki." Kwa Hooyo hiyo ilikuwa sifa ya kuandikwa ukutani.

Siku hizo za maji ndio zilikuwa siku zangu. Sitakudanganya na maneno ya sinema, Fadumo, hakunigusa hata kidole. Tulikuwa tunachambua kunde, Hooyo juu ya meza anakoroma uongo, na mimi nauliza. Lubumbashi baridi iko? Iko, mwezi wa sita asubuhi unatoa moshi mdomoni. Nitapata samli wapi? Pale karibu na stesheni kuna Waarabu. Wanawake wanaendesha hoteli? Mingi, lakini hakuna mwenye anajua kupika wali na zabibu. Unaona, nilikuwa nishahamia. Nilikuwa na kibanda changu soko ya Kenya, najua kinaangalia upande gani, asubuhi kivuli cha ile bomba kinapita mbele yangu. Watu wanatamani kitu walichopoteza. Mimi natamani kivuli ambacho sijawahi kukikanyaga, na haijaisha, imekuwa tu ya kila siku, kama maumivu ya goti.

Maji yalipoanza kushuka akasema maneno yake. Alikuwa amepata habari kwa mtu wa Zambia, serikali mpya imekuja kule, kipande cha mgodi kitafunguliwa, wanatafuta wachimbaji. "Njia ikikauka, mi nakwenda. Nataka twende na wewe, Halima. Kwa nikahi." Nikamwambia mimi nataka. Hivyo hivyo, bila kupinda shingo kama wasichana. Lakini baba yangu alikuwa ameshakufa, na msichana wa kwetu, hata aliyeachika, hata mwenye mdomo, hana nikahi bila walii. Walii wangu alikuwa Adeer Gedi, ndugu ya baba, mtu wa Hadado. Akisema ndiyo ni ndiyo. Akisema hapana, hakuna sheikhe Garissa yote atafungua kitabu. Hooyo akatuma ujumbe na lori ya kwanza iliyopita.

Nataka uelewe, Adeer hakuwa mtu mbaya. Nyinyi mkisikia hadithi kama hii mnatafuta shetani. Mume niliyemzika hapa Waberi, baba wa watoto wangu, alikuwa mtu mwema, na ni Adeer huyo huyo alimleta. Nimeishi vizuri. Sikosi maziwa, sikosi mjukuu wa kunikasirisha. Lakini ile lori ya Mutua ilivuka daraja bila mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia injini mpaka haikusikika.

Basi turudi siku ile aliyokuja Adeer, baada ya alasiri. Aliketi kwenye mkeka mpya, fimbo kando, nikamletea chai yetu ya shaah, na maziwa. Ramazani alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, fupi, visigino vinaonekana. Nilimfundisha kila kitu. Maziwa unapokea kwa mkono wa kulia, hurudishi kibuyu bila kuonja, huulizi mtu ana ngamia ngapi. Akafanya vizuri yote. Adeer akafurahi. Swahili yake ilikuwa ya mnadani, unajua vile sisi wazee tunaiumiza: "Karibu, karibu. Wewe fundi ya maji. Maji ni kitu msuri sana. Mimi nabenda wewe."

Halafu akasema, "Sasa hesabu." Yaani hesabu baba zako. Mtoto wa kwetu wa kuchunga mbuzi anazijua kabla ya kujua kuvaa: fulani, mtoto wa fulani, mpaka juu kabisa. Bila hiyo mtu hajui akusalimie vipi. Ramazani akasema, "Ramazani. Baba yangu Saidi. Babu yangu Mwinyi."

"Endelea," Adeer akasema, bila ubaya.

"Baba, hapo njo mwisho. Babu alichukuliwa kwa kazi akiwa kijana. Hakurudi."

Hooyo akaona mambo yanapotea, akasema kwa sauti, "Mwambie mji! Mwambie vile ulituambia sisi!" Na akasema kwangu kwa haraka, lete wali. Nikapeleka. Akajenga, Fadumo. Hajawahi kuujenga vizuri vile. Bomba, mlima, mto, reli, ile njia tupu katikati. Babu yake alichimba hapa, baba yake aliyeyusha hapa, yeye alizaliwa hapa. Adeer aliinama kabisa, ndevu karibu na wali, anauliza kama mtu anayenunua. Nyumba ni ya nani? Kampuni. Shule? Kampuni. Ukigonga mtu akafa, damu nani analiba? "Kampuni ilikuwa inalipa, baba." Ukifa wewe, nani anasika? "Kampuni ilikuwa inatoa sanduku."

"Na kambuni iko wabi sasa?"

"Ni kama imekufa, baba."

Adeer akatikisa kichwa, akavuta pumzi. "Sikia. Mimi hii mfua ilimalisa mbusi yangu yote. Yote. Ukienda Hadado leo, utakuta mimi niko na mbusi. Hiyo mbusi ilitoka wabi?"

"Sijue, baba."

"Kwa watu. Huyu analeta moja, yule analeta moja. Hata mwenye alibaki na mbili alileta moja. Hakuna mtu aliulisa, Gedi, utarudisha lini? Sababu kesho ni yeye. Sasa wewe, baba yako ambaye ni kambuni alikufa. Nani alileta?"

Ramazani akajibu akiangalia ile sinia. "Hakuna mutu, baba. Batu bote tulikuwa ba kampuni. Tulianguka siku moja."

Adeer akachukua kibuyu cha maziwa akamtilia kwa mkono wake mwenyewe, mpaka juu, vile unamtilia mgeni unayemheshimu. Akangoja anywe. Akanywa yote. Halafu Adeer akageuka upande wa pazia, hakupandisha sauti, akasema kwa Kiswahili ili Ramazani mwenyewe asikie:

"Halima, huyu ni mtu msuri. Lakini hana watu. Iko na mji tu."